Maswali na Majibu: Kishindo cha ngazini cha "When the Levee Breaks"

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba dramu za wimbo "When the Levee Breaks" wa Led Zeppelin zilirekodiwa kwa maiki mbili zilizoning'inizwa ngazini. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki, kwa hiyo ukurasa wa safari hii ni wa wimbo huo. Kwa asiyeufahamu: ni wimbo wa mwisho katika albamu ya nne ya bendi hiyo ya Uingereza, iliyotoka Novemba 1971. Mpiga dramu ni John Bonham. Unaanza kwa dramu peke yake, polepole, nzito, kabla gitaa na harmonika havijaingia.

Shikamooni wakubwa. Napiga dramu kwaya ya kanisa, Mwanza. Tuna maiki nane kwenye seti yetu na bado kiki inatoa "puf" tu. Hawa wenzetu waliwezaje kwa maiki mbili?

Marahaba. Anza kwa kuziondoa sita.

Wimbo ule haukurekodiwa studio. Ulirekodiwa Headley Grange, jumba la mawe la ghorofa tatu huko Hampshire, Uingereza, lililojengwa mwaka 1795 kuwa makazi ya maskini. Mashine za kurekodi zilikuwa nje, ndani ya lori la studio ya kutembea ya Rolling Stones, na nyaya zikapitishwa hadi ndani. Seti ya dramu ilikaa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini kabisa ya ngazi. Fundi wa sauti, Andy Johns, alining'iniza maiki mbili za Beyerdynamic M160 huko juu ngazini zikitazama chini. Kiki (dramu kubwa ya mguu) haikuwa na maiki yake, wala snea (dramu ndogo kali yenye nyaya chini yake). (Nani aliwaza hivyo kwanza, Johns na mpiga gitaa Jimmy Page wamesimulia tofauti kidogo, wapenzi wa bendi wataendelea kubishana.)

Maiki iliyo sentimita 5 kutoka kwenye ngozi husikia ngozi tu: mguso wa kijiti na mvumo mfupi. Iliyo mita 5 juu hupokea ngozi, mbao za dramu, sakafu na kuta, vyote vikiwa vimekwisha kuchanganyika hewani. Kila unapoongeza umbali maradufu, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye dramu hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana kusogeza maiki mita moja hubadilisha mambo kuliko kununua maiki mpya.

Sasa fanyeni hivi. Wekeni seti penye sakafu ngumu, chini ya ngazi au roshani ya kwaya kama mnayo. Wewe piga mfululizo, mwenzako apande ngazi polepole huku ameziba sikio moja, hadi afike mahali kiki na snea zinamfikia kwa ukubwa mmoja. Hapo ndipo penye maiki, kwa kawaida kati ya mita 3 na 6. Ya pili iwekeni upande wa pili, mita 1 hadi 2 kutoka ya kwanza. Chukueni kamba, pimeni kutoka katikati ya snea hadi kila maiki, urefu ulingane. Sauti husafiri karibu mita moja kwa kila milisekunde 3, hivyo tofauti ya nusu mita inatosha kuifanya snea ielee upande mmoja na kupoteza uzito. Mkishamaliza, unganisheni maiki zote mbili kuwa mono. Kiki ikinyong'onyea, geuzeni polariti (mwelekeo wa wimbi) ya moja. Isipopona, sogezeni moja sentimita 20 mjaribu tena.

M160 ni maiki ya utepe, na maiki za aina hiyo hulainisha makali ya matoazi. Maiki za kawaida za waimbaji zitafanya kazi, ila zitadai geini (ukuzaji wa sauti) nyingi, desibeli 50 hadi 60, na mikseri ya bei rahisi itaanza kuvuma ukifika huko. Za kondensa hazina shida hiyo; ni kali tu upande wa juu, punguzeni desibeli 3 kuanzia hezi 8,000. Mkibahatika kuazima za utepe, hakikisheni nyaya ni nzima na zimeungwa sawasawa kabla ya kuwasha umeme wa volti 48. Waya uliofungwa vibaya unaweza kuukata utepe.

Kuna jambo moja ambalo maiki mbili haziwezi kukusaidia. Huna feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ya haihati, yale matoazi mawili ya mguu. Huna feda ya snea. Ukigonga haihati kwa nguvu, imekwisha, hakuna wa kuipunguza. Ukimsikiliza Bonham vizuri utaona haihati yake iko chini, snea iko juu, kiki imelingana na snea, na uwiano huo ulikuwa mikononi na mguuni mwake kabla haujafika kwenye lori. Wengi wanaoiga rekodi hii hukwama hapa, wala si kwenye vifaa.

Kiki yetu ni ya inchi 22, ina tundu mbele na mto ndani. Nimesoma kwamba ya Bonham ilikuwa ya inchi 26. Bila hiyo hakuna njia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ipo. Inchi 26 husogeza hewa nyingi na kushuka chini zaidi, hilo hatulikatai, lakini kinachoua sauti yako ni mto na tundu.

Mto huzima ngozi baada ya mguso. Karibu na maiki hiyo ni nafuu, maana unapata "tap" safi. Ukiwa mbali hakuna kinachobaki cha kusafiri. Bonham alipiga kiki ya Ludwig yenye ngozi mbili nzima, karibu bila kuizima, kwa pedali ya Ludwig Speed King. Kiki iliyofungwa pande zote mbili hubana hewa ndani, na ngozi ya mbele huijibu ile ya nyuma. Huo "uuum" unaoufuata mguso unatoka huko.

Toa mto. Weka ngozi ya mbele isiyo na tundu. Hata ya bei ndogo itafaa, mradi haijapinda pembeni. Kaza skrubu zote kwa vidole hadi zishike. Kisha chukua ufunguo na uende kwa kuvuka: skrubu moja, halafu inayoitazama upande wa pili, robo mzunguko kila mara. Ngozi ya kupigwa ipe nusu mzunguko juu ya kukaza kwa vidole. Ya mbele ipe mzunguko mmoja kamili, iwe juu kidogo kuliko ya nyuma. Gonga kwa kidole sentimita 5 kutoka kila skrubu. Palipo chini, ongeza kidogo. Ikivuma kupita kiasi, pitisha utepe wa felti wenye upana wa sentimita 8 nyuma ya ngozi ya kupigwa, kutoka juu hadi chini, karibu na ukingo. Usiupitishe katikati, na usiongeze wa pili kabla ya kusikiliza ukiwa mita 5. Mlio unaokukera ukiwa umekaa kwenye kiti haufiki mbali. Ukiuua, umeua na kile ulichokuwa ukitafuta.

Mambo mawili huharibika hapa mara kwa mara. La kwanza ni ngozi kulegezwa kabisa kwa kudhani kwamba ulegevu ndio uzito. Ngozi iliyolegea hutoa mguso wa plastiki na haina noti. La pili ni nyundo ya pedali kuachwa imekandamiza ngozi baada ya pigo. Kwenye kiki yenye mto hutaona tofauti. Kwenye kiki iliyo wazi utasikia mtetemo wa pili, "brrp". Acha nyundo irudi.

Snea yake iliyozoeleka ni Ludwig Supraphonic ya aluminiamu, inchi 14 kwa 6.5. Snea yoyote ya chuma yenye kina cha inchi 6 hadi 6.5 itakusogeza karibu. Ngozi ya chini kaza sana, ya juu wastani kwenda juu, nyaya zisibanwe hadi zikakosa pumzi. Na tyuni tomu (zile dramu nyingine za seti) hata kama hutazigusa, kwa sababu tomu iliyolegea huitikia kila kiki na maiki za juu zitaibeba.

Habari za kazi. Naomba mniandikie mdundo wenyewe. Mitandaoni kila mtu ana wake. (Nakuru)

Salama. Gawa baa moja katika vipande 16, kama kwenye programu za kutengenezea biti. Kila pigo lina vipande vinne.

Haihati: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15.
Snea: 5 na 13.
Kiki: 1, 2, 8, 11, 12.

Kwa mdomo: "du-du, pa, du… du-du-pa". Kasi ni takriban mapigo 72 kwa dakika, kwa hiyo kila kipande kina sekunde 0.2 na ushei.

Haionekani ngumu, sivyo? Mguu wa mwanafunzi wa mwaka mmoja unaziweza zile kiki mbili zilizofuatana. Kazi ipo kwenye nafasi tupu. Kati ya snea ya 5 na kiki ya 8, kisha kati ya 8 na 11, kuna hewa, na karibu kila anayeanza huijaza kwa kukimbia. Kiki ya 8 ndiyo huponza wengi: iko kipande kimoja kabla ya pigo la tatu, na pigo la tatu lenyewe halina kiki wala snea, haihati tu. Mguu huvutwa kwenda kwenye 9. Ukiona mdundo wako umegeuka wa kawaida usio na mvuto, angalia kama 8 yako haijahamia 9.

Jifunze hivi. Weka metronomu 60. Piga haihati na kiki ya 8 peke yake, baa nyingi, hadi mguu uache kubishana. Ongeza 11 na 12. Ongeza snea. Mwisho weka 1 na 2. Ukitoka nyuma kuja mbele namna hii unakuwa umeshaumudu ugumu kabla hujapata starehe ya "du-du" ya mwanzo. Kisha iache metronomu ilie kwenye pigo la pili na la nne tu, ikifuatana na snea. Panda polepole hadi 72. Wengi hushangaa kwamba 60 ni ngumu kuliko 72. Ndivyo ilivyo, nafasi zimepanuka.

Kwenye kiki mbili, ya pili iwe na nguvu sawa na ya kwanza au zaidi kidogo. Mguu wa kawaida hufanya kinyume: wa kwanza mzito, wa pili mabaki. Kurekebisha, piga ya kwanza kisigino kikiwa kimeinuka kidogo, kisha mguu uteleze mbele sentimita 2 au 3 kwa ya pili. Bonham alisifika kwa hili tangu "Good Times Bad Times" ya mwaka 1969, ambako mguu mmoja unafanya kazi ambayo watu walidhani ni ya miwili.

Snea isiwahi, ichelewe kidogo, mradi isikike kwamba umekusudia. Haihati iwe na mtikisiko mdogo, yale yaliyo kwenye pigo kamili (1, 5, 9, 13) yakiwa mazito kuliko yale ya katikati. Na ukisikia vigongo vyepesi kati ya haihati ambavyo havimo katika orodha yetu, hujakosea kusikia. Johns aliingiza dramu kwenye Binson Echorec ya Page, mashine ya mwangwi ya Italia, na marudio yake yanajipenyeza kwenye mapengo. Usijaribu kuyapiga kwa mkono.

Nina studio ndogo nyumbani, Nairobi. Nimepata rekodi nzuri ya chumba lakini haina ile hali ya "kupumua". Kompresa niipange vipi?

Kwa Headley Grange zilitumika kompresa za Helios zilizokuwamo kwenye lori, na zilibanwa kwa nguvu. Kompresa inashusha mguso mkubwa, kisha inaachia, na inapoachia chumba kinapanda. Huko kupanda ndiko unakokuita kupumua. Kwa hiyo kitasa muhimu ni muda wa kuachia.

Anza na uwiano wa 6 kwa 1. Muda wa kushika milisekunde 20, ili kijiti kipite kabla mlango haujafungwa. Muda wa kuachia milisekunde 300. Shusha kizingiti (kiwango ambacho kompresa huanza kushika) hadi sindano irudi desibeli 8 kwenye snea. Sasa cheza na kuachia tu. Kwa kasi ya 72, haihati moja hadi nyingine ni milisekunde 417. Unataka sindano iwe imerudi karibu yote kabla ya pigo linalofuata, wala isirudi upesi kupita kiasi. Ukiweka 50, matoazi yatanguruma na kila kitu kitatetemeka. Ukiweka 900, kompresa haitafunguka kamwe na umepata rekodi ile ile, ndogo zaidi.

Muda wa kushika ukiwa milisekunde 1 au 2, snea itapoteza mguso wake wa mwanzo. Wanafunzi wengi huacha hapo kwa sababu grafu inapendeza.

Tumia kompresa mbili zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, au moja ya stirio. Zikifanya kazi mbalimbali, snea itayumba kushoto na kulia kila inapopigwa. Na kumbuka kompresa ikishusha desibeli 8 kisha ukairudishia nguvu hiyo, kelele zote za nyuma zinapanda 8: feni, friji ya jikoni, pikipiki ya nje. Zima kabla ya kurekodi. Hakuna programu ya kuondoa kelele itakayofanya hivyo bila kuula mkia wa mwangwi.

Dilei (mwangwi wa kurudia), ukiitaka, iweke baada ya kompresa, milisekunde 417 au 208, irudie mara moja au mbili, na iwe chini sana. Ukiweza kuihesabu, imezidi.

Nimejaribu kuupiga gitaa pamoja na rekodi nikakuta hauko kwenye noti kamili. Gitaa langu ni bovu? (Bukavu)

Gitaa ni zima. Tepu ilipunguzwa kasi wakati wa kuandaa rekodi ya mwisho, na tepu ikipungua kasi, sauti inashuka pamoja nayo. Dramu zikashuka pia: kiki ikawa ndefu, snea nene. Hii ni nusu ya siri ya uzito ule, na ni nusu isiyogharimu pesa.

Kuiga kwenye kompyuta, rekodi kwa mapigo 76 kwa dakika, kisha shusha faili nusu toni. Kasi itaanguka hadi karibu 71.7. Ila lazima uzime kile kipengele cha programu kinacholinda kasi au sauti. Ukikiacha kimewashwa, kitakata mawimbi vipande vipande na snea itatoka na mikwaruzo. Usizidi toni moja kamili; matoazi huanza kusikika yamelegea.

Wimbo huu ni wao au waliuchukua? (Kampala)

Asili yake ni bluzi ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, waliyorekodi mwaka 1929. Inahusu mafuriko makuu ya mto Mississippi ya mwaka 1927, pale matuta ya kuzuia maji yalipobomoka na watu wengi wakapoteza makazi. Rekodi ya kwanza ni magitaa na sauti ya kuimba, haina dramu hata moja. Kwa maneno mengine mdundo wote tunaoujadili ukurasa huu ni nyongeza ya mwaka 1971, na kwa masikio yetu ndio uliougeuza wimbo wa kusimulia mafuriko kuwa mafuriko yenyewe.

Sisi wa Unguja tuna wetu, Freddie Mercury. Kwenye "We Will Rock You" ile dramu kubwa nayo ilirekodiwa ngazini?

Wenu kweli, mwimbaji huyo wa Queen kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Lakini mule hamna dramu. Ni miguu na makofi. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliutunga, na Queen wakaurekodi mwaka 1977 katika studio ya Wessex, London, jengo lililokuwa la kanisa. Walikanyaga mbao na kupiga makofi, wakarudia mara nyingi juu ya rekodi ile ile, kisha wakaongeza marudio ya dilei zenye muda tofauti. May, ambaye alisomea fizikia, alichagua muda usiogawanyika sawasawa ili marudio yasirundikane mahali pamoja yakasikika kama mwangwi mmoja. Matokeo ni umati, wala si chumba. Watu wanne au watano wenye ubao mzuri wanaweza kuijaribu jioni moja. Ubao uwe umeinuliwa kutoka sakafuni kwa vigingi, la sivyo utasikia viatu tu.

Ukumbi wetu wa shule hapa Iringa una kuta za saruji na bati. Tukipiga humo yote yanakuwa uji. Je, hatuna bahati?

Mna mwangwi mrefu kuliko wimbo. Pigeni kofi moja kubwa katikati ya ukumbi na mhesabu sekunde hadi kimya. Kwa kasi ya 72, snea moja hadi nyingine ni sekunde 1.67. Mwangwi ukipita hapo, kila snea inatua juu ya mkia wa iliyotangulia, na huo ndio uji. Lengo liwe sekunde moja au chini kidogo.

Tandazeni busati au mikeka sakafuni, kwenye nusu ya ukumbi iliyo mbali na dramu, wala si chini ya dramu zenyewe. Sakafu ngumu karibu na kiki mnaihitaji. Magodoro ya bweni, manne hadi sita, yasimamishwe kwenye ukuta ulio mkabala na seti. Achieni nafasi ya sentimita 10 kati ya godoro na ukuta, litanyonya zaidi ya lililobandikwa. Pembe mbili za nyuma zizibwe kwa godoro lililoegeshwa. Kisha kofi tena. Mwangwi ukiwa bado mrefu, shusheni maiki hadi mita 2.5 kabla ya kuongeza magodoro.

Bati ni tatizo la pili: hutetemeka kwa noti fulani za kiki na tomu. Mpigaji apige kiki peke yake, mwingine asikilize juu. Mkisikia mlio wa "zzz", badilisheni tyuni ya kiki robo mzunguko juu au chini hadi uhame. Viti vya chuma vilivyopangwa pembeni hufanya vivyo hivyo, vitoeni nje. Na chagueni siku isiyo na mawingu, kwa sababu zinazojulikana na kila aliyesoma chini ya bati.

Naweza kukata kipande cha dramu zile nikakitumia kwenye wimbo wangu wa hip hop? Nasikia wengi wamefanya. (Mombasa)

Wengi wamefanya, Beastie Boys wakiwa maarufu zaidi, katika wimbo wa kwanza wa albamu yao ya mwaka 1986. Kisheria unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na mamlaka za hakimiliki, KECOBO huko kwenu au COSOTA Tanzania, hawawezi kukupa rekodi ambayo si yao, watakuelekeza tu. Kwa wimbo huu ruhusa haitakuwa rahisi. Kwa kawaida mpangilio wa mapigo peke yake haulindwi kama melodi au maneno, kwa hiyo rekodi dramu zako mwenyewe kwa njia zilizoelezwa hapo juu. Utapata pia kitu ambacho hakimo katika nyimbo nyingine mia moja.

Hatuna maiki kabisa. Tuna simu mbili. Msitucheke. (Vijana wa bendi, Bujumbura)

Hatucheki, simu mbili ngazini si wazo baya. Maiki ya simu huzidiwa ikiwa karibu na snea, na ninyi hamtaki iwe karibu hata hivyo.

Pakueni programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja. Bila kuuzima, simu itashusha sauti kwa jinsi yake na kila moja kivyake. Chagueni WAV, hezi 48,000. Wekeni simu mita 4 au zaidi, maiki yake ikitazama dramu (kwa simu nyingi tundu la maiki liko chini, karibu na mahali pa chaji), juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtetemo wa ngazi usipande. Washeni hali ya ndege. Pigeni jaribio kwa nguvu zote. Kipimo kikigusa juu, ongezeni umbali.

Saa za simu mbili hazilingani. Baada ya dakika tatu zinaweza kuachana kwa milisekunde kadhaa, na hapo snea inaanza kusikika mara mbili. Mmoja apige kofi moja kabla ya kuanza na jingine baada ya kumaliza, akisimama katikati ya simu hizo. Kwenye kompyuta linganisheni kofi la kwanza, kisha nyosheni au fupisheni faili moja kidogo hadi la mwisho nalo likutane. Tofauti na jibu la Bukavu, hapa kuhama kwa sauti ni kudogo mno kusikika, hivyo zimeni tena kile kipengele kinacholinda sauti ili faili linyooshwe bila kukatwakatwa. Rekodi za dakika moja moja hazihitaji hata hilo.

Kata masafa yaliyo chini ya hezi 35, ongezeni desibeli 3 kati ya 60 na 80, kisha rudini kwenye jibu la Nairobi kwa ajili ya kompresa, ila uwiano uwe 3 kwa 1. Simu zina kelele yake, na mkibana zaidi mtaisikia.